Nilifeli Insha kwa Kupatanisha Watu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nusu saa mapema, na bado nikaambiwa nimechelewa. Ilikuwa nyumba ya wazee kule Lanham, Marekani, nami nilikuwa nimetoka Kenya miezi minane tu, bado nashikilia pochi kwa mikono miwili nikipanda basi. Nasi Mkuu, yaani muuguzi msimamizi wa ghorofa ya pili, mama mmoja Mmarekani mwenye miwani iliyofungwa kamba, alinitazama viatu kwanza, halafu uso.

"Unaomba?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama, naomba."

"Vizuri. Omba ukiwa umevaa glavu. Njoo."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya CNA, yaani mhudumu anayemwosha mzee, anayemlisha, anayempeleka choo na kumgeuza kitandani. Ninyi wasichana mnaofika sasa mnafundishwa kwa video. Sisi tulifundishwa kwa kusimama nyuma ya mtu. Asubuhi ile Nasi Mkuu alinionyesha taulo ya kisigino. Mzee asiyeweza kujigeuza, kisigino chake kikikaa kwenye shuka muda mrefu, ngozi inakufa, kinakuwa kidonda cha kulalia. Basi unachukua taulo ndogo, unaikunja mara tatu, lebo unaificha ndani isimkwaruze, halafu unaiweka chini ya mguu, juu kidogo ya kisigino, ili kisigino chenyewe kielee hewani. Aliniambia nikunje tena. Nikakunja. Akasema tena. Nilikunja mara kumi na moja kabla ya chai.

Kitu cha pili alichonifundisha ni chati. Chati ni ile karatasi, siku hizi ni skrini, unapoandika kila ulichomfanyia mzee na saa yake. "Mkono kwanza, kalamu baadaye," alisema. "Ukiandika kabla ya kufanya, umesema uongo, hata kama utafanya." Niliitikia. Mimi ni mtu wa kanisa, nilidhani hilo halinihusu.

Nilifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Nilihamishwa ghorofa ya kwanza, kwa wale wanaofanya mazoezi ya kutembea baada ya kuvunjika nyonga. Nikapelekwa upande wa wasahaulifu, ambako mama mmoja aliniita kwa jina la dada yake kwa miaka minne nami nikamwitikia. Mwishowe nikarudi ghorofa ya pili. Nasi Mkuu yule yule, miwani tofauti.

Siku moja akaniita ofisini.

"Unaijua kazi yangu kuliko manasi wawili ninaowalipa. Kwa nini husomei unasi?"

Nikafunga mlango. Halafu nikamwambia ukweli, ambao hata mtoto wangu Neema nilikuwa sijamwambia: niliishia kidato cha pili. Baba alifariki, mimi ndiye nilikuwa mkubwa. Cheti cha sekondari sina, na bila hicho kozi ya unasi hawakupokei.

Hakushangaa. Alisema chuo cha jamii kina darasa la jioni la mtihani wa GED, ule wa watu wazima ambao hawakumaliza shule. Ukipita unapewa cheti sawa na aliyemaliza. "Niletee hicho cheti kabla ya Agosti," akasema, "nami nitaandika barua yako ya kuingia kozi kwa mkono wangu. Baada ya Agosti nastaafu, na anayekuja hakujui."

Basi nikaanza shule nikiwa na miaka arobaini na minne. Natoka kazini saa tisa, napika, darasa saa kumi na mbili jioni. Gari langu lilikuwa limekufa, kwa hiyo alinibeba Mama Furaha. Huyu ni mama wa Bukavu, tulifanya kazi ghorofa moja na tunakaa mtaa mmoja Oxon Hill. Njiani alikuwa ananiuliza maswali ya hesabu kutoka kwa kitabu changu huku anaendesha, nami namwambia, "Mama Furaha, tazama barabara!" Anasema, "Miye niko natazama. Weye jibu. Asilimia makumi tano ya mia mbili ni ngapi?"

Mtihani wenyewe una sehemu nne: hesabu, sayansi, mambo ya jamii, na lugha. Unafanyiwa pale chuoni, kwenye chumba cha kompyuta, na unaacha kila kitu nje, hata kitambaa cha kichwa walikikagua kwa heshima. Hesabu nilipita kwa machozi. Sayansi ilikuwa rahisi, mwili wa mtu naujua. Mambo ya jamii nikapita. Lugha nikaanguka kwa alama tatu.

Mwalimu wa jioni, mzee mmoja mrefu aliyestaafu kazi ya ofisi Arlington akaja kufundisha, hakunipa pole. Alinipa swali la mazoezi linalofanana na lile la insha. Unasoma watu wawili wanaobishana, halafu unaandika ni yupi hoja zake zina ushahidi zaidi. Watu hao walibishana kama shule zifunguliwe asubuhi mapema au zichelewe. Nikaandika. Akasoma amesimama, mabega yakaanza kutikisika.

"Mama, umeanza kwa kunisalimu katika jina la Bwana."

"Ndiyo, mwalimu. Siwezi kuanza tu hivi hivi kama nimekasirika."

"Halafu umewashukuru wote wawili. Halafu umesema wote ni wazazi wanaowapenda watoto, kwa hiyo wakae pamoja wanywe chai. Haya ni mahubiri mazuri sana ya harusi. Nani ameshinda?"

"Wote wana haki yao, mwalimu."

"Sikukuuliza nani ni mtu mzuri. Nimekuuliza nani ameleta ushahidi."

Darasa lilicheka, nami nikacheka. Lakini nilienda nyumbani nikiwa nimeudhika. Mimi kanisani ndiye mpatanishi. Akina mama wakigombana, naitwa. Hatuulizi nani ana makosa, maana ukimtaja mmoja umempoteza. Tunaomba, tunalia kidogo, tunakula, yameisha. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi na watu wamenishukuru. Sasa mzungu ananiambia nimtaje aliyeshindwa! Neema aliisoma ile insha akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba haina msimamo. Nikamwambia aoshe vyombo. Wiki tatu nzima niliandika insha, na kila insha iliishia kwa chai.

Nikapanga kurudia mtihani mwisho wa Juni. Mwanzoni mwa mwezi huo ndipo ikatokea habari ya Mzee Posta.

Tulimwita hivyo kwa sababu alipeleka barua maisha yake yote. Kiharusi kilimchukua ulimi na upande mmoja wa mwili. Alikuwa wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na asubuhi ile alikuwa wa Mama Furaha. Saa tatu aliniita nimsaidie kumvuta. Tukamlaza ubavu wa kushoto, akaelekea dirishani, mimi nikakunja taulo nikaiweka. Halafu kila mmoja akaenda kwa wazee wake. Siku hiyo tulikuwa wachache, Mama Furaha alikuwa na kumi na wawili.

Saa tisa akaingia zamu Wangari, binti wa Kikuyu aliyezaliwa hapa hapa, kucha ndefu, sikioni kidude cha muziki. Mimi nilikuwa natafuta pochi yangu nikasikia, "Auntie! Auntie, njoo uone!"

Mzee Posta alikuwa ubavu wa kushoto, ameelekea dirishani. Nyongani alikuwa na wekundu, na nilipobonyeza kwa kidole haukupauka. Huo ndio mwanzo wa kidonda. Chati ilisema amegeuzwa saa tano, akageuzwa saa saba. Nikainua shuka miguuni. Taulo ilikuwa imekunjwa mara tatu, lebo ndani. Mama Furaha hakunji hivyo. Yeye huviringisha kama mkeka, nimemcheka kwa hilo miaka mingi.

Nikasimama pale na shuka mkononi.

Kesho yake kila mtu alikuwa anaongea. Mama Furaha alisema alimgeuza, huyu mtoto ndiye alichelewa akamwacha. Wangari alisema hajachelewa hata dakika moja. Na wengi walimwamini Mama Furaha, kwa sababu Mama Furaha anasali na Wangari anatafuna bigijii. Kabla hatujaitwa ofisini, Mama Furaha alinivuta kwenye stoo ya shuka.

"Mama Neema, weye unajua namna ya kusema. Sema tu tuombe, tusameheane, iishe. Kama vile tunafanyaka."

"Ulimgeuza, Mama Furaha?"

"Nilikuwa na watu kumi na mbili!"

"Najua. Ulimgeuza?"

Akatazama rafu. "Niliandika saa ine yote pamoja, nikasema nitafanya. Kisha yule mama wa mwisho wa koridoo akaanguka. Nikasahabu. Dada, miye nina watoto."

Nilitaka sana kuwa mpatanishi siku hiyo. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, na yalikuwa matamu: wote wamechoka, wote ni watoto wa Mungu, tuwe waangalifu mbele. Nikaingia ofisini nayo. Nasi Mkuu alimsikiliza Mama Furaha, akamsikiliza Wangari, akanigeukia. Nikaanza, "Hawa wote wawili wanawapenda wazee..."

"Sikukuita unifanyie ibada," akasema, lakini kwa upole. "Ulikuwepo saa tatu, na ulikuwepo saa tisa. Uliona nini?"

Nikamwangalia Wangari. Alikuwa ameondoa kile kidude sikioni. Alikishika kwa mikono miwili, na ndipo nikaona ni mtoto wa miaka ishirini, na kwamba upatanisho wangu ungemwachia nusu ya kosa ambalo hakulifanya, liandikwe kwenye faili lake daima. Na Mzee Posta, ambaye hawezi kusema, naye ningemwambia nini? Anywe chai?

Nikasema: "Saa tatu nilikunja taulo mara tatu, lebo ndani, mguu wa kushoto. Saa tisa niliikuta vile vile. Mama Furaha huviringisha. Angegeuzwa, taulo ingekuwa imeviringishwa. Wangari anasema kweli." Halafu nikaongeza, maana nalo nililiona: "Na Mama Furaha alikuwa na wazee kumi na wawili peke yake. Hilo nalo liandikwe."

Likaandikwa. Mama Furaha alipewa onyo la barua na akarudishwa mafunzoni siku mbili. Hakufukuzwa. Wiki iliyofuata tuliongezewa mhudumu mmoja asubuhi. Wekundu wa Mzee Posta uliisha kabla haujapasuka. Lakini Mama Furaha hakunisemesha tena. Kanisani alihama akakaa upande wa kwaya. Nilienda darasani kwa mabasi mawili, Biblia na kitabu cha hesabu kwenye mfuko mmoja, nikimwuliza Mungu kama nimefanya vizuri. Niliendelea kwenda tu.

Asubuhi ya mtihani nilikuwa kituoni, basi limechelewa, na muda wa kuingia chumba cha mtihani ukipita hawakufungulii. Gari dogo jekundu likasimama. Dirisha likashuka.

"Ingia."

"Mama Furaha..."

"Hasira haiyaisha. Ingia."

Tulifika taa za mwisho kabla ya chuo. Hapo akasema, macho barabarani, "Sasa miye naandikaka kisha ya kugeuza. Kila mara. Naangalia saa, nageuza, naandika. Iko inanichelewesha sana, na ni sababu yako."

"Asante kunibeba," nikasema.

"Toka, utachelewa."

Swali la insha siruhusiwi kulisema, tulisaini. Nitasema tu kwamba kulikuwa na watu wawili wanabishana. Niliweka vidole kwenye kompyuta, nikawasalimu kimoyomoyo, halafu nikaandika sentensi ya kwanza nikamtaja aliyeleta ushahidi. Nikaeleza kila ushahidi wake kama ninavyoandika chati: nini, wapi, lini. Mwenzake nikaonyesha alipokosea bila kumtukana. Nilimaliza nikabaki na dakika sita, nikaomba, na nilipotoka nikakuta gari dogo jekundu bado linaningoja.

Cheti nilikipeleka ofisini Julai. Nasi Mkuu alivaa miwani, akakisoma chote mpaka chini, akachukua kalamu akaanza barua nikiwa nimesimama pale pale.

Kozi ilikuwa ndefu, nayo niliifanya jioni. Mwezi uliopita nilimaliza siku yangu ya mwisho kama CNA, na sasa navaa beji ya nasi. Mgongo wangu umestaafu kuinua watu, moyo bado. Mniulizapo ninyi wasichana kama mtu mzima anaweza kurudi shule, mimi nawajibu nendeni mkajiandikishe kwanza, hayo mengine mtaniuliza darasani. Na mkikabidhiwa mzee asiyeweza kusema, kumbukeni ninyi ndio ulimi wake, hata kama rafiki yenu atahama kiti.

Siku hiyo ya mwisho mimi na Mama Furaha tulimgeuza mama wa chumba cha tisa. Mimi nikakunja taulo. Yeye akaitoa, akaiviringisha, akaiweka kwa njia yake. Akatazama saa ya ukutani, ndipo akaandika.

"Nimetaka nikuulize siku mingi," akasema. "Ile insha. Nani alishinda?"

"Wa pili."

"Na ule wa kwanza, ulimufanya nini?"

"Nilimwombea," nikasema. "Nikiwa kwenye gari lako, tunarudi."

Akacheka mpaka mama wa chumba cha tisa akafungua macho.