Kifuniko Kimoja cha Dawa ya Kupe

Josho la Misungwi, alikofugia baba, lilikuwa limefungwa. Dawa ya kupe, ambayo zamani ilitoka kwa bwana mifugo, sasa iliuzwa dukani kwa yeyote mwenye hela, ikipimwa kwenye chupa za soda bila maelezo yoyote. Baba alileta chupa moja nyumbani kwetu Mkolani, akaiweka uvunguni mwa kitanda.

Mwaka huo upele ulituandama mimi na mdogo wangu, ambaye hata mwaka hakuwa ametimiza. Wafugaji wengi walikuwa wakijiogesha dawa hiyohiyo wakishamaliza ng'ombe, na upele wao ulipona. Mimi, kidato cha pili na kiburi chote cha kidato cha pili, niliijaribu kwanza mwilini mwangu: vifuniko viwili kwenye ndoo. Iliniwasha kidogo tu. Siku ya tatu nililala bila kujikuna.

Basi mama alipokwenda Mkuyuni sokoni, nikamwogesha mtoto. Nilijiona mwangalifu kweli, maana ndoo ilikuwa ileile, na yeye nilimpimia kifuniko kimoja.

Sikuwa hata nimemaliza kumvisha nguo alipoanza kutokwa mate. Shingo ikalegea. Nilimwita, hakugeuka. Nikambeba mbio hadi zahanati huku nikilia kama mwehu, na mama, aliyepelekewa habari sokoni, akanikuta mlangoni. Nilimwambia yote palepale.

Mama aliwaeleza ni dawa gani, na kwamba kipimo kilipunguzwa nusu. Walimwosha kwa sabuni, wakamchoma sindano. Mganga alikuwa amekasirika.

"Mtoto mdogo ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake," alisema. "Dawa inaingia kwa wingi, halafu mwili wa kuibeba wenyewe ndio huu. Kupunguza nusu hakusaidii kitu."

Nilitamani ardhi inimeze. Wiki iliyotangulia tu, darasani, tulikuwa tumekata vipande vya kiazi, vikubwa na vidogo, tukavitumbukiza kwenye wino. Kidogo kililowa hadi katikati, kikubwa kikabaki cheupe ndani. Nilieleza sababu vizuri kuliko wenzangu wote, nikapigiwa makofi. Kumbe nilikuwa najua habari za kiazi tu.

"Nani amemwogesha?" mganga aliuliza.

"Ni mimi," mama alijibu.

Nilifungua mdomo. Mama akanibana mkono mpaka nikanyamaza.

Baba alipofika kutoka Misungwi alimkuta mtoto ameanza kunyonya. Mama alimpokea mzigo, akamwambia vilevile: ni mimi. Fimbo ambayo ingekuwa yangu ilimwangukia yeye, nami nilikuwa jikoni, nasikia kila kitu.

Mdogo wangu alipona, akakua. Lakini kila baba alipokasirika, hata kwa chumvi kuzidi kwenye mboga, alimrushia mama neno lilelile: "Wewe uliyetaka kuniulia mwanangu." Mama alikuwa ananitazama mara moja, kisha anaendelea na kazi yake.

Tumemzika baba akiamini hivyo. Sikuwahi kumwambia.