Fundi wa Vioo na Siku ya Zana

Miaka thelathini Ponnamma alifagia maabara ya fizikia pale Mysuru, India, na mtu ambaye yeye humkumbuka zaidi ni fundi wa vioo. Kabla ya kupuliza fundi alilamba midomo mara mbili, halafu kioo kikavimba motoni kama mkate wa puri kwenye mafuta, kikawa mrija wa kunasia chembe zitokazo angani.

“Dada, weka ufagio! Vumbi lako litafika kwenye nyota.”

“Na pumzi yako ya vitunguu je, itafika wapi?”

Mwaka mmoja mkurugenzi mgeni aliagiza mirija ya kiwandani, akatuma wachukuzi waling’oe jiko la fundi la kuyeyushia kioo. Hakuangalia kalenda. Ilikuwa sikukuu ya zana, Wahindu wanapoheshimu vyombo vyao vya kazi, siku ambayo hata nyundo haiguswi, na fundi alikuwa ameshalipaka jiko poda nyekundu na kulivika maua.

“Vyombo vimelala, jamani. Nani atakayeviamsha?”

Wachukuzi, ambao rikwama lao nalo lilivaa shada, wakacheka, wakala halua yake, wakaondoka. Ndipo fundi alipochovya kidole kwenye poda iliyobaki, akautia alama ufagio wa Ponnamma.

“Nao upumzike, dada. Umefanya fizikia kuliko wengi humu.”

Kesho yake jiko likabebwa. Ufagio Ponnamma anao mpaka leo, na hajafagia nao tena.