Elinipa na Maji ya Chumvi

Saa moja na nusu asubuhi, Elinipa Sifaeli anamenya viazi mviringo. Yuko peke yake katika maabara ya sekondari moja ya kata ya Sekei, jijini Arusha. Anakata vipande vya mchemraba, vikubwa na vidogo, na kuvitumbukiza kwenye maji ya dawa ya zambarau.

Baadaye anavipasua. Kipande kidogo kimeingia rangi hadi katikati. Kikubwa kimebaki cheupe ndani.

"Ndiyo maana seli ni ndogo," anasema mama huyu wa miaka 59, aliyeishia darasa la saba. "Kila kitu kinapita kwenye utando wake wa nje. Ingekuwa kubwa mno, chakula kisingewahi kufika katikati."

Hayo huyasimulia kwa furaha. Kazi inayofuata huifanya kimya: kulaza vipande vyembamba vya kiazi kwenye maji ya chumvi nyingi.

Miaka thelathini iliyopita, nyumbani kwao kwenye miteremko ya Mlima Meru, binti yake Hanna, wa miezi minane, aliharisha siku mbili. Mvua ilikuwa imekata njia ya zahanati. Elinipa alikuwa amesikia kwamba maji ya chumvi na sukari yanaokoa, ila kipimo hakukijua.

"Nilitia vijiko viwili vikubwa vya chumvi kwenye chupa ya nusu lita," anasema. "Nilidhani ikizidi, dawa itakuwa na nguvu."

Mtoto alikunywa kwa pupa, akalilia maji, akanyweshwa yaleyale. Siku ya tatu alifariki.

Miaka sita baadaye Elinipa alipata kazi ya uhudumu wa maabara. Siku moja, akiwa anaosha vyombo, alimwona mwalimu wa baiolojia, Efraimu, akiinua kipande cha kiazi kilichotoka kwenye chumvi. Kilikuwa kimelegea kama uzi. Chumvi ikizidi nje ya seli, mwalimu aliwaeleza wanafunzi, maji ya ndani hutoka kupitia utando. Hiyo ndiyo osmosisi.

"Kipindi kilipoisha nikamuuliza, 'Mwalimu, na mtoto mchanga je?' Akasema, 'Hata yeye, mama. Seli zake zinanywea.' Nilikwenda stoo nikakaa chini."

Efraimu, ambaye sasa amestaafu, aliambiwa sababu ya swali lile miaka mingi baadaye. "Nilimwambia huenda ni kuharisha, huenda ni chumvi, hakuna awezaye kujua tena," anasema.

Mume wa Elinipa, Dismasi, hakuambiwa habari ya chumvi hadi wiki iliyopita, siku moja kabla ya mahojiano haya. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Chumvi ile niliinunua mimi, Mama Hanna."

Tangu maziko hakuwahi kumwita hivyo.

Juni mwakani Elinipa anastaafu. Muuguzi wa zahanati ya kijijini kwao amemkubalia: kila Jumatano, kabla watoto hawajapimwa uzito, atawaonyesha kina mama jinsi ya kuchanganya pakiti moja ya dawa ya kuharisha, yenye chumvi na sukari iliyopimwa tayari, na lita moja kamili ya maji safi. Dismasi amesema atambebea maji.

"Habari za Hanna sitawaambia," anasema. "Watanikumbuka mimi, wasahau kipimo."