Nilimshika Taya Baba Mkwe Wangu, Naye Hajui Kuwa Ni Mimi

Admin, naomba unifichie jina, na mtaa pia usiutaje, maana Tukuyu ni ndogo na wifi zangu wote wako humu wanasoma na kukoment. Nina miaka 26, mama wa mtoto mmoja. Kwetu ni Lufingo, nimeolewa Kisiba, ila mimi na mume wangu tunaishi hapa Tukuyu. Mwaka huu nimeanza kazi ya usaidizi wa daktari wa meno kwenye kliniki moja hapa mjini, na bado niko kwenye majaribio.

Wasio wa huku niwaeleze kidogo. Sisi Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawakai pamoja, hawasalimiani, hawatazamani. Akija njia hii, mimi napitia migombani. Siku hizi wengine wameacha, lakini wakwe zangu wanashika, tena sana. Tangu niolewe baba mkwe hajawahi kunisemesha. Ila ndiye aliyenitetea. Nilipotaka kwenda chuo, mama mkwe alisema mke gani anaacha shamba akachungulie midomo ya watu. Mzee akamwita mume wangu akamwambia, "Mwache asome. Migomba haikimbii." Nikaenda. Sijawahi kumshukuru, ningemshukuruje?

Sasa jino likamsumbua. Ana sukari, kwa hiyo alihimizwa atibiwe haraka. Akamuuliza mume wangu ni siku gani mimi siko kazini, ili tusikutane. Akaambiwa Jumatano. Jumatano yenyewe mwenzangu, nimwite Tumaini, akapata msiba, nikaombwa asubuhi hiyo hiyo nimshikie zamu. Nikakimbilia kazini, mume wangu akiwa ameshatoka, wazo la mzee halikunijia kabisa. Naapa.

Naingia na trei ya vifaa, namkuta yeye kwenye kiti, mdomo wazi, ganzi imeshachomwa. Daktari wetu si mtu wa huku, na siku zangu za kwanza aliwahi kuniambia mila niziache getini. Lakini ningeweza kusema, "Daktari, huyu ni mkwe wangu, naomba nitoke." Sentensi moja tu. Nikafikiria majaribio yangu, nikapandisha barakoa, nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi, nikanyamaza. Sura yangu haijui vizuri, aliiona kwa mbali siku ya harusi.

Kazi yangu ni kushikilia taya isicheze huku navuta mate kwa mrija. Chuoni tulifundishwa kwamba mgonjwa wa meno hawezi kusema, kwa hiyo mtazame macho. Nikamtazama. Baba mkwe, macho kwa macho! Alikuwa anaogopa kama mtoto. Akapapasa, akashika kona ya gauni langu la kazi, hakuiachia mpaka mwisho. Nikabana sauti nikamwambia, "Vumilia baba, tunamaliza."

Hatukumaliza. Jino lilivunjika, mzizi ukabaki ndani. Daktari akaona mzee amechoka, akamwambia arudi Jumatano inayofuata utolewe, na asicheleweshe kwa sababu ya ile sukari. Mzee akashuka kwenye kiti, pamba mdomoni, akanigeukia akasema, "Ndaga fijo, mwanangu." Yaani asante sana, mwanangu.

Jamani, niseme ukweli. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Nilipoitwa mwanangu nilifurahi. Sikuona aibu palepale, nilifurahi, na furaha ile nikaenda nayo nyumbani nikiificha hata kwa mume wangu. Hilo ndilo linalonila mpaka leo.

Jumamosi ikaja mikungu miwili ya ndizi kutoka Kisiba. Mama mkwe akapiga simu. "Mmoja wenu, mmoja mpe yule binti mwenzako. Baba yenu anavyomsifu, mimi nimeanza wivu!" Akacheka. Nikamjibu nitampa. Sikumpa. Tumaini ningempaje ndizi za kazi ambayo hakuifanya? Nikaanza kuzipika. Mume wangu, anayejua Jumatano ile alikuwepo Tumaini, anakula huku anasema, "Huyo Tumaini ana bahati, mzee hasifu mtu ovyo." Nikasukuma sahani yangu pembeni, yeye nikamwongezea.

Jana mama mkwe kapiga tena. Mzee amesema hakai kwenye kile kiti kama yule binti hayupo. Na shavu limeanza kuvimba.

Tumaini amesharudi, Jumatano ni zamu yake. Akisema neno moja tu, mzee atajua siye, atauliza, na Tumaini atanitaja bila ubaya wowote. Nikibadilishana naye zamu, namdanganya mara ya pili mtu aliyechagua siku kwa ajili ya kuniheshimu, na safari hii sitasema ilitokea bahati mbaya. Nikisema ukweli kabla, namjua yule mzee, hatakanyaga tena kliniki, atakaa nyumbani na mzizi wake mpaka umdhuru. Mume wangu naye hajui kuficha kitu, nikimwambia saa hii, jioni Kisiba wanajua.

Msinitukane sana, nimeshajitukana vya kutosha. Na ninyi mtakaosema mila zimepitwa na wakati, mzee wangu hajapitwa na wakati, yupo Kisiba ameshika shavu. Nisaidieni mawazo. Jumatano niivae ile barakoa nimshike tena, au nimwambie kwamba yule aliyemwita mwanangu ni mke wa mwanawe?