Mama Mawe na pumzi ya mzee wake

Jua limeshapanda, na ndani ya karakana Mama Mawe anatoa trei ya kokoto za kijivu kwenye tanuri. Haziachi zipoe wazi. Anazimimina upesi kwenye kopo na kukaza mfuniko, kama mtu anayewaficha watoto sukari.

Kokoto hizo ni zeolaiti, jiwe la asili lenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Hewa ikisukumwa humo kwa nguvu, naitrojeni hunaswa na oksijeni hupita. Presha ikiachiwa, naitrojeni hutoka na kazi huanza upya. Mama Mawe huzijaza kwenye mashine za wagonjwa wanaopumua kwa shida.

Mgonjwa mmoja yuko nyumbani kwake. Mumewe alipasua mawe machimboni tangu ujana, vumbi likamla mapafu. Siku hizi hushinda dirishani na mpira wa mashine puani, akitania kwamba mawe yaliyomwonea sasa yanamlipa fidia.

Mwaka jana nusura yamwonee tena. Mama Mawe aliacha nyumbani kopo la kokoto mpya, akipanga kuzijaza kwenye mashine ya mzee akitoka kazini. Mzee akalifungua, akaona vumbi. Vumbi analijua lilivyomfanya. Akaziosha taratibu, akipumzika kila mara, akazianika juani zikakauka kabisa, kwa macho yake. Mkewe alirudi amechoka, akazijaza bila kuuliza.

Haukupita muda midomo ya mzee ikaanza kuwa myeusi. Jua lilikuwa limekausha nje tu; vitundu vya ndani, ambavyo hukaushwa na moto wa tanuri, vilikuwa vimeshiba maji, na mashine ilikuwa ikimpulizia hewa ileile ya chumbani.

“Nilidhani nakupunguzia kazi, mama watoto,” alisema kwa taabu.

Mama Mawe alikimbia karakanani, akarudi na kopo jingine kifuani. Rangi ya midomo iliporudi, alikaa sakafuni akalia.

“Nilitaka kumgombeza,” anasema sasa, akijifuta jasho. “Mtu hana pumzi ya kutosha, na hiyo kidogo aliyonayo anaitumia kukuoshea mawe. Utamsema nini?”

Anaweka akiba apate mashine ndogo ya kubeba begani. Hataki makubwa. Anataka mumewe ampokee pale kona, kama zamani alipokuwa akimbebea kikapu na kumsimulia umbea wa machimboni.

Kwa sasa mpira unafika mlangoni tu. Jioni, Mama Mawe anapokata kona, anamkuta mzee amesimama hapo kizingitini, mpira umenyooka hadi mwisho, mkono mmoja umeshatangulia nje kupokea kikapu.