Sahani ya Kunywea

Ting'! Sauti hiyo iko masikioni mwangu mpaka leo. Koko, mama wa mama yangu, alikuwa akiigonga sahani yake kwa ukucha, nayo inaimba kama kengele ndogo. Haiimbi tena. Kosa njo langu. Mimi njo niliiua!

Rafiki unayesoma, niache nikueleze. Moyo hautulii, hata kuketi siwezi.

Sahani ile ilitoka Uchina, ikafika pwani, ikaletwa huku Kindu juu ya vichwa vya wapagazi, zamani za wazee wetu. Maua ya buluu na mekundu, ukingo wa dhahabu. Mwalimu wa Kurani alikuwa akiandika aya ndani yake kwa zafarani, Koko akaziosha kwa maji, mugonjwa akayanywa. Njo kombe hilo. Mutaa wote ulikunywa hapo.

Siku moja akashuka kwenye treni sitwayeni mmoja, njo bwana wa mujini, mwenye kitabu cha picha. Sahani kama ile, ndani ya makabati ya vioo! Nikashikwa na tamaa. Nikaota kabati yangu mwenyewe, watu wa Zaire nzima wakija kuangalia. Redio si inatuambia kila siku turudie asili? Nikajiona mimi njo asili yenyewe! Nikazunguka kwa wamama wazee, nikiwabadilishia sahani zao za zamani na mpya za sokoni. Hata nikienda Pangi kusalimu ndugu, macho yangu yako kwenye vyombo vyao. Aibu!

Ilibaki ya Koko.

“Koko, unipatie niitunze.”

“Utaitunza namna gani?”

“Mu kabati. Watu wataiangalia.”

Akacheka. “Mutoto wa ndoto weye! Hii haiko sahani ya kuangalia. Njo ya kunywea. Nikikufa utaibeba. Sasa uache wagonjwa wakunywe.”

Sikungoja. Alipokwenda matangani, nikaichukua, nione tu itakavyong'aa. Zafarani ya miaka ilikuwa imeingia ndani, ikaipa rangi ya manjano. Mimi nikaona uchafu! Nikashika muchanga na majivu, nikaisugua kama sufuria. Weee! Dhahabu ikabanduka. Maua mekundu yakatoka. Kwa woga nikaimwagia maji ya moto. Tak! Ufa, toka ukingoni mpaka katikati.

Nikaifuta, nikairudisha. Fasi yake ileile.

Kesho yake jirani akaleta mutoto mwenye homa. Koko, ambaye macho yake hayaoni vizuri, akaigonga. Tak. Akagonga tena. Tak. Mwalimu akaandika, maji yakamiminwa, yakapita kwenye ufa, zafarani ikadondoka mukekani.

“Njo miye,” Koko akamwambia jirani. “Mikono imezeeka, nimeigonga fasi fulani. Unisamehe, mama.”

Aliomba musamaha, rafiki! Mbele yangu! Nami niko pale, nafuta zafarani mukekani.

Mutoto alipona kwa dawa za dispansari, Mungu ashukuriwe. Lakini Koko hakubali tena mugonjwa aletwe kwetu. Barazani hakuna mutu. Ukimpa hata kikombe cha chai, anakishika kwa mikono miwili. “Nitavunja na hiki,” anasema.

Na zile sahani zangu zingine? Siwezi hata kuziangalia.

Wadada, mukitamani kitu cha mukubwa, muulize kwanza kinafanya kazi gani. Na mukikiharibu, museme siku ileile, kabla mwingine hajajitwika kosa lenu!

Mimi nitamwambia leo. Asubuhi hii, Koko akiwa angali amelala, nimeitoa sahani yake, nikaimiminia maji, nikaubana ufa kwa kiganja, nikayanywa kama mugonjwa, mengine yakinitiririka mpaka kwenye viwiko.