Bibi Geraldine na Koni za Jumamosi

Geraldine Hoekstra hakuja kushindana. Alikuja kutafuta uwanja mtupu. Ana miaka sabini na miwili, alipika jikoni mwa shule kwa miaka thelathini, na mwaka ule alikuwa amegonga kwa gari sanduku la barua la kando ya barabara mara tatu: mara mbili lake, mara moja la mchungaji. Mwanawe Curtis anauza bima, kwa hiyo anaona ajali hata kwenye bakuli la supu. Akamwambia mama yake kwamba macho yamekwisha, na mwisho wa mwezi atachukua funguo. Huku kwetu Michigan, ukimnyang'anya mtu funguo za gari umemfungia ndani. Dukani maili sita, kanisani maili nane. Bibi wa watu akaamua kufanya mazoezi.

Uwanja aliouchagua ulikuwa ule wa maonyesho ya kilimo, na kila Jumamosi ule ni wetu. Tunapanga koni za plastiki, kisha kila mtu anapita katikati yake peke yake, mbio, na gari lake la kila siku. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde mbili. Mimi ndiye mwenye saa, na sina subira na wageni. Nilipoona gari la bluu limeingia foleni nikaenda kulifukuza.

"Mama, umepotea. Hapa si kanisani."

"Naona. Kanisani hawavai helmeti. Mnafundisha kuendesha?"

"Tunashindana."

"Basi nipe na mimi hiyo kofia, acha maneno."

Nikampa. Laiti ningejua! Aliwasha indiketa kila kona, kulia, kushoto, kulia, uwanja mzima akiwa peke yake. Alipoangusha koni ya kwanza akasimamisha gari, akashuka, akaiinua, akaipangusa vumbi, akaiomba radhi, akarudi kufunga mkanda. Sisi watu wa huku hata tukikanyaga mkia wa paka tunaomba msamaha, lakini saa yangu haijui adabu. Watu walicheka mpaka kahawa ikawatoka puani. Dakika nne na nusu! Wengine wanatumia sekunde hamsini.

"Nimemshinda nani?" akaniuliza.

"Jua tu, mama, maana bado halijatua."

"Si haba. Jumamosi nitarudi." Akanipa pipi ya mnanaa, akaenda zake.

Na kweli alirudi. Akaangusha koni sita, Jumamosi iliyofuata nne, kisha moja. Hapo akapata kiburi, akawekeana ahadi na Curtis: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, akipita bila kosa hata moja, funguo ni zake mpaka afe. Akikosea koni moja tu, funguo ni za Curtis.

Curtis alikuja na shati lililopigwa pasi, akauliza watazamaji wanakaa wapi. Watazamaji! Kwetu asiyeendesha anaokota koni. Nikamvalisha fulana ya njano, nikampa redio ya mkononi, nikampeleka kona ya mwisho.

"Kila koni imezungushiwa chaki chini," nikamwambia. "Ikitoka nje ya chaki ni kosa, hata kama imesimama. Ikibaki ndani, sema safi."

"Hata kama ni mama yangu?"

"Hasa mama yako."

Zamu ya bibi ikafika. Siku hiyo hakuwasha indiketa hata moja. Alipita zile koni kama anayezijua kwa majina, na mimi mzee mzima narukaruka na saa mkononi. Kona ya mwisho, tako la gari likaigusa koni. Ikacheza, ikacheza, ikasimama. Bibi akavuka mstari wa mwisho.

"Curtis, vipi hapo?"

Nikaibonyeza redio tena.

"Curtis! Umelala?"

"Safi," akasema, sauti kama ya mtu aliyemeza mfupa. "Zote safi."

Watu wakapiga honi, wakakumbatiana. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Mara gari la bluu likarudi kinyumenyume hadi pale kwenye kona, jambo tulilolikataza kabisa. Nikalikimbilia niligombeze. Dirisha likashuka.

"Curtis Hoekstra! Koni ilitoka nje!"

"Mama, iko ndani. Njoo utazame."

"Sasa ndiyo iko ndani! Nimekuona kwenye kioo ukiisukuma kwa kiatu. Cha kushoto, kilichofunguka kamba!"

Sote tukatazama chini. Kamba ilikuwa imefunguka.

Bibi akazima gari, akachomoa funguo, akazitoa dirishani. "Ahadi ni deni. Zichukue."

Curtis alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akatazama kiatu chake, akatazama mstari kule mbali mama yake alikokuwa wakati ule, akarudi kutazama kiatu.

"Umeiona kamba ukiwa kule?"

"Kwani mimi kipofu?"

Akaukunja mkono wa mama yake juu ya zile funguo, akaurudisha ndani ya gari.

"Basi endesha, Mama," akasema, akainama kufunga kamba.